Mikono ya Mama Juu ya Ramani

Karibuni barazani, vijana mnaojifunza kuchora ramani. Barabara ya Nairobi iko hapo nyuma ya ukuta, kwa hiyo mtanisamehe nikinyamaza kidogo basi linapopiga honi. Watu wa Sakina, hapa Arusha, ndivyo tunavyozungumza: nusu ya sentensi, honi, halafu nusu iliyobaki. Asubuhi Meru ilijitokeza yote mpaka kileleni. Sasa imeshajifunika mawingu, na mimi siihangaikii. Miaka yote niliyochora ramani nilijifunza kuuamini mlima hata usipoonekana.

Yule binti mwenye miwani ndiye aliyeanza, aliponiuliza kwa nini kwenye simu yake Afrika inaonekana ndogo na nchi za barafu kule kaskazini zinaonekana kubwa ajabu. Jibu fupi lipo, lakini mimi sina majibu mafupi. Wenzangu waliokuwa nayo walistaafu mapema. Nitawajibu kwa njia ya mzunguko, na mzunguko wenyewe utapita kwa mama yangu.

Nilipoajiriwa katika ofisi ya ramani nilikuwa msichana mwembamba kutoka migombani, nina mwandiko mzuri na kiburi kidogo. Nilikabidhiwa kwa Mzee Sifaeli, Mchaga mrefu aliyetembea na penseli sikioni hata kanisani. Yeye ndiye aliyenifundisha kulaza mkono juu ya karatasi ya pili ili jasho lisiguse mchoro. Alinifundisha pia kutochora msimu wa masika bila kwanza kuiacha karatasi ikae chumbani siku nzima, kwa sababu karatasi hunywa unyevu, na ikinywa haivimbi sawasawa. Huvimba zaidi upande mmoja kuliko mwingine, na hapo pembe zote zinapinda bila mtu kuziona.

“Ruthi,” alikuwa akiniambia, “dunia ni ya mviringo, karatasi ni bapa. Ukiilaza moja juu ya nyingine lazima kitu kiumie. Wewe uliyeshika kalamu ndiye unayechagua kiumie kipi.”

Ziko ramani zinazotunza ukubwa. Ukitaka kujua nchi gani ina ardhi nyingi kuliko nyingine, chukua hizo, ila maumbo yake yatakuwa yamevutwa. Na ziko zinazotunza pembe. Barabara mbili zikikutana kwa pembe fulani pale Sakina, zitakutana kwa pembe ile ile kwenye karatasi. Kona ni kona yenyewe, na kipande kidogo chochote utakachokikata kitakuwa na sura yake halisi. Gharama yake ni ukubwa: kadiri unavyokwenda mbali na ikweta, ule mstari wa katikati ya dunia, kila kitu kinakuzwa, mpaka nchi za baridi zinanenepa kupita kiasi. Simu zenu zinatumia ramani za ukoo huo, kwa sababu mtu anayetafuta njia anataka kona iwe kona.

Nilipoelezwa hayo mara ya kwanza nilikasirika. Nikamwambia Mzee Sifaeli, “Kwa hiyo sisi Waafrika ndio tuliopunjwa?”

Akaitoa penseli sikioni, akaitazama ncha yake. “Hujapunjwa, mwanangu. Wao ndio wamevimba.”

Tulicheka, lakini kuelewa sikuelewa. Nilielewa siku nilipokwenda nyumbani kwa mapumziko nikamkuta mama anaanika vitambaa. Mama yangu alifuma vitambaa vya makochi maisha yake yote, vyenye maua na vijumba vidogo vya mraba. Akivifua alivitia wanga, kisha akavibana kwa pini juu ya ubao ili vikauke vikiwa vimetanuka. Nikamsaidia, nikakivuta kimoja upande mmoja tu. Vijumba vyote vikalala, maua yakasinyaa. Mama akanipiga kofi dogo la mkono.

“Usivute hivyo. Kila unapovuta huku, vuta na huku kiasi kile kile. Pembeni vuta sana ukitaka, katikati vuta kidogo, lakini kila mahali pande zote sawa.”

Alipomaliza, vijumba vya pembeni vilikuwa vikubwa kuliko vya katikati, lakini kila kimoja kilibaki mraba. Nikasimama pale uani nikaona ramani nzima ya dunia imebanwa kwa pini. Tangu siku hiyo kila nilipochora nilikuwa nikiwaza vitambaa, na hata leo, nikisinzia mchana kwenye kochi, naota nchi zinafumwa.

Mtu asiyeamini hatari ya kuvuta upande mmoja, nimkumbushe ile mashine yetu ya fotokopi. Ilikuwa nzee, na roli zake ziliivuta karatasi kwa urefu, kidogo tu, jicho lisione. Fundi mmoja wa mitaro akachukua nakala ya ramani yetu kwenye mashine hiyo, akapima mwelekeo wa mtaro wake juu ya nakala, akaenda kuchimba. Mtaro ukateremka kwa fahari, ukapita shamba la mahindi, ukaenda kuishia kwenye choo cha mchungaji. Mchungaji aliishi nao masika nzima kabla haujageuzwa, na mahubiri yake msimu ule yalikuwa makali.

Basi, sasa nije kwenye lile lililonifanya niwaite mje kwa miguu yenu badala ya kuwaandikia.

Kwetu ni juu ya Tengeru, kwenye miteremko ya mashariki ya mlima, kwenye kahawa na migomba. Mama yangu hakuzaliwa Meru. Ni mtu wa Machame, aliletwa kwetu na ndoa. Mtoto wake wa kwanza alikuwa msichana, Neema. Neema alitambaa, akasimama kwa kushika kiti, na kabla hajapiga hatua ya peke yake homa ikamchukua. Baba akamzika shambani, sehemu ya juu. Mama akapanda isale pale, mmea ule wa majani marefu ambao kwao huwekwa kaburini na mipakani, na ambao mtu mwenye adabu haung'oi ovyo. Msalaba haukuwapo, saruji haikuwapo, ni isale tu. Mimi nilizaliwa baadaye, na mdogo wangu Eliudi baada yangu. Tulilelewa tukijua kwamba tuna dada mkubwa huko juu, kama mtu anavyojua ana ndugu Dodoma bila kuijua nyumba yake.

Baba alipofariki, Eliudi ndiye aliyebaki na shamba. Mama alipozeeka nikamleta hapa Sakina kwangu. Sasa, shamba letu lilikuwa limeungana na lile la baba mdogo, na katikati ulibaki mstari wa zamani wa masale yaliyokuwa mpaka kati ya baba na yeye. Eliudi alipoweka uzio mpya aliyang'oa yale masale moja moja, akayapanda upya kwenye uzio. Alifanya kwa heshima zote, hata mizizi akaifunga kwa gunia bichi. Hakuna aliyemwambia kwamba mojawapo ya masale yale halikuwa mpaka. Lilikuwa dada yetu.

Hayo yalijulikana mwaka jana, Eliudi alipokuja kumwaga habari njema: kijana wake anaoa, nyumba itajengwa juu shambani, chokaa ya msingi imeshamwagwa. Mama alikuwa pale kwenye kochi na uzi wake mapajani.

“Juu wapi?” akauliza.

“Kule kulikokuwa na mpaka wa baba mdogo, Mama. Pametulia, upepo mzuri.”

“Na mtoto wangu umemweka wapi?”

Eliudi akanitazama mimi. Tulimpandisha mama kwenye gari siku ile ile, twende akatuonyeshe. Wanangu, sitaisahau safari ile. Migomba ilikuwa imekatwa, pamepandwa parachichi. Nyumba za bati zimeota kila upande. Kanisa la zamani, ambalo mnara wake mama aliutazama ujana wake wote, lilishabomolewa, na jipya limejengwa ng'ambo ya barabara, kubwa, la vioo. Mama aliegemea mkongojo wake akageuka huku, akageuka huku, kisha akalia. “Mmenileta kwa watu,” akasema. “Hapa si kwangu.”

Njiani tukirudi Eliudi akaninong'oneza, “Dada, nimsubirishe fundi mpaka lini? Mtoto mwenyewe hakufikisha hata mwaka. Mungu anajua alipo.”

Alidhani mama amelala. Hakuwa amelala. Tangu siku ile alianza kuacha chakula. Chai ataonja, uji ataonja, kisha anasukuma kikombe. Uzi wa kufuma aliuweka chini, na huo sikuwahi kuuona chini tangu nizaliwe. Niliogopa. Niliogopa kwamba mama yangu atakufa akiamini kwamba watoto wake waliobaki wamejenga sebule juu ya yule aliyewatangulia.

Mchana mmoja mvua ilikuwa ikinyesha nyembamba, ile ya Arusha isiyo na haraka. Mama alikuwa amefumba macho kwenye kigoda karibu na dirisha. Nikasikia anazungumza, sijui na nani. “Nilikuwa nikisimama pale kwa Neema jioni,” alisema, “kanisa huku.” Akaunyoosha mkono wa kulia. “Kilima huku.” Akaunyoosha wa kushoto. Huo ni ule mlima mdogo wenye kichogo ulio kusini mwa kijiji. “Na daraja la mto pale chini.” Hilo la tatu, kwa kuwa mikono ilikwisha, alilionyesha kwa kidevu.

Nilibaki nimeshika kitambaa cha vyombo. Kanisa lake, pale sebuleni kwangu, lilikuwa limeangukia friji. Kilima kilikuwa kwenye mlango wa jikoni, na mto ulipita chini ya televisheni. Dunia yake yote ilikuwa imezungushwa. Lakini kati ya mkono na mkono palikuwa na pembe, na kati ya mkono na kidevu palikuwa na pembe, na pembe haijali umekaa upande gani wa friji.

“Mama, usishushe mikono.”

“Inachoka, Ruthi.”

“Kidogo tu, Mama yangu.”

Nikachukua uzi wake wa kufuma, nikautandaza sakafuni kuanzia kigodani, mmoja chini ya kila mkono, wa tatu ukifuata kidevu, nikaubana kwa vikombe. Akapumzika. Akanywa chai, nikaondoa nyuzi, nikamwomba anionyeshe tena. Macho yakafumba, mikono ikapanda, na nyuzi zikalala karibu pale pale, nikapima pembe kati yake. Mama hakukumbuka ni hatua ngapi kutoka kisimani hadi pale. Aliniambia shamba lilikuwa kubwa lisilo na mwisho na mto ulikuwa mpana, na mto wenyewe unarukwa na mbuzi. Ukubwa wote ulikuwa umevimba ndani yake kwa miaka na kwa uchungu. Pembe zilikuwa zimekaa.

Ninyi mnaojifunza, shikeni hili, kwa sababu siku hizi hamfundishwi. Ukiwa na pembe kati ya vitu vitatu unavyoviona, na vitu hivyo viko kwenye ramani, unaweza kujua umesimama wapi bila kupima hata hatua moja. Chukua karatasi ya tresi, ile inayopitisha mwanga. Tia nukta, chora kutoka kwenye nukta hiyo mistari mitatu kwa pembe ulizopima. Ilaze juu ya ramani, itelezeshe, izungushe taratibu, bila papara, mpaka kila mstari upite juu ya kitu chake. Ile nukta ndipo uliposimama. Angalizo ni kwamba vitu vyako vitatu na wewe msiwe kwenye duara moja, la sivyo karatasi itateleza kila mahali na kukubali kila jambo. Na ramani yenyewe lazima iwe ya kutunza pembe. Kwenye ile fotokopi ya mtaro, ningemtafuta Neema chooni kwa mchungaji.

Nilikuwa nayo ramani. Ni ile kubwa ya mashamba ya kule kwetu, nakala safi ya kazi ya mkono wangu, na kanisa la zamani liko juu yake, kwa kuwa lilikuwa bado limesimama nilipolichora. Niliitandika juu ya meza ya chakula. Mvua ilikuwa imekatika na mwanga umeingia wa njano. Nikalaza juu yake tresi yenye mistari mitatu ya mama, nikaitelezesha, nikaizungusha. Mstari wa kanisa ulikubali, wa kilima ukakataa. Wa kilima ukakubali, daraja likatoroka. Nikasogeza kiasi cha unywele. Kisha mistari yote mitatu ikatulia kwa pamoja. Nikaichoma ile nukta kwa sindano ya mama.

Msidanganyike, mikono ya bibi kizee si theodolaiti ya kupimia pembe. Niligeuza kila mstari kidogo huku na kidogo huku, kadiri mikono ilivyotofautiana, na nukta ikawa doa refu kama punje ya mchele. Kwenye ardhi hilo ni eneo la kutosha kulima bustani. Lakini doa lile lilikata mstari wa zamani wa baba mdogo mahali pamoja tu.

Nikampigia Eliudi. “Nenda juu, kwenye mstari wa zamani. Hesabu mashimo ulimong'oa masale, kuanzia kwenye jiwe la mpaka la baba mdogo, kisha simama pale nitakapokwambia.” Nikampimia kutoka kwenye ramani. Nikamsikia anatembea, majani yanakatika, anahema. Kisha hatua zikasimama.

“Eliudi?”

“Dada, kuna chipukizi hapa.”

“La nini?”

“La isale. Mashimo mengine nayo yamechipua, lakini hili limeota katikati ya chokaa ya fundi. Ni sebuleni kabisa.”

Nilimsikia analia, mdogo wangu mwenye ndevu nyeupe. “Mimi ndiye niliyemng'oa,” alisema. Nikamwambia hukumng'oa, ulimhamisha ukidhani ni mpaka, na ulimfunga gunia bichi. Akauliza afanye nini. Nikamwambia afanye anavyoona. Jioni ile ile aliita fundi, wakafuta chokaa, wakasogeza nyumba upande wa chini, na bwana harusi akapoteza upepo wake mzuri.

Tulimpandisha mama Jumapili baada ya ibada. Sikumwambia kitu. Nilitaka nione kama mahali pale patamjua. Tulimbeba kwenye kiti, Eliudi nyuma, mimi mbele, tukamweka pale penye chipukizi lakini ubavuni, asilione. Ukungu ulikuwa umeshuka mlimani, mzito, parachichi za karibu tu ndizo zilizoonekana, na sauti za watoto zilikuja bila watoto. Hapakuwa na kijiji kipya wala kanisa la vioo wala bati. Mama alikaa, akashika magoti, akavuta hewa kwa pua. Kisha akafumba macho, na mikono ikapanda yenyewe.

Ukungu ukaanza kufunguka upande wa kusini, polepole, na kile kilima chenye kichogo kikatokea kwenye ncha ya kidole chake cha kushoto. Nikaenda nyuma ya bega lake la kulia, nikatazama kufuata mkono. Ulikuwa unaonyesha uwanja mtupu, na katikati ya uwanja mawe machache ya msingi wa kanisa la zamani.

Mama akafumbua macho. Akashusha mikono. Akaangalia chini, akaliona chipukizi.

“Ni hapa,” akasema. Halafu, kwa sauti ya mtu anayelalamikia bei sokoni: “Mbona padogo hivi?”

Eliudi alikuwa ameleta lile isale kubwa kutoka kwenye uzio, au lile alilodhani ndilo, maana masale hayana majina. Mama akamkataza. Akasema hili dogo linatosha, limerudi lenyewe. Akainama kadiri alivyoweza, akaling'olea magugu.

Mimi nilipiga magoti upande wa pili. Nina mvi kichwa kizima, wanangu. Nina wajukuu. Nimestaafu, nimezika mume, magoti yangu yanalia nikipanda ngazi. Na pale mbele yangu alikuwa amelala mtoto ambaye hakuwahi kutembea. Nikawaza miaka yote iliyonikuza mimi na kumwacha yeye alivyokuwa, nikaona kwamba katika hayo yote kitu kimoja hakikusogea hata kidogo. Alinitangulia. Nikainamisha kichwa.

“Shikamoo, dada,” nikasema.

Ukungu ulikuwa unapita. Mama aliweka kiganja chake juu ya udongo, akangoja kidogo, kama anayemsikiliza mtu mwenye sauti ndogo, kisha akanijibu kwa niaba yake.

“Marahaba.”